Sura ya Tano: Mwizi wa Baskeli na Harufu ya Wali

Jaws Corner ni baraza la Mji Mkongwe lililopewa jina na papa wa Hollywood, yule wa sinema ya 1975, na papa mwenyewe amechorwa ukutani juu ya vichwa vya watu. Chini yake wanakaa wanywaji kahawa, wacheza dhumna, wasoma magazeti, na wale ambao kazi yao ni kupinga kila kinachosemwa. Jioni moja, baina ya magharibi na isha, niliwasimulia pale picha ya Kitaliano kwa mdomo, kama walivyofanya zamani waliotoka sinema na kuwahadithia waliokosa pesa ya tiketi.

Nikaanza. Roma, vita vimekwisha miaka mitatu, kazi hakuna. Antonio, mtu mzima mwenye mke na watoto, jina lake linaitwa: kuna kazi ya kubandika mabango barabarani. Sharti ni moja, awe na baskeli. Anayo, lakini imo rehani. Mkewe, Maria, hapotezi maneno mengi. Anavua mashuka kitandani, anaongeza na yale aliyoyaweka akiba, anafunga furushi, wanakwenda nalo kwa mweka rehani. Mashuka yanaingia, baskeli inatoka. Siku ya kwanza kazini Antonio yuko juu ya ngazi, anabandika picha ya Rita Hayworth, na kijana mmoja anairukia baskeli na kupotea nayo. Kuanzia hapo ni baba na mwanawe mdogo, Bruno, wakiuzunguka mji kuitafuta. Hawaipati. Mwisho kabisa anaona baskeli nyingine imeegemezwa mlangoni, haina mtu. Anampa mtoto nauli ya tramu, anamwambia atangulie. Mtoto anaikosa tramu. Anageuka, anamwona baba yake juu ya baskeli ya watu, na nyuma yake kundi linapiga kelele za mwizi.

"Wakamuua?" akauliza mzee mmoja, maana hapa kwetu tunajua kelele za mwizi zinaishia wapi.

Hawakumuua. Walimkamata, wakampiga makofi, kofia ikaanguka. Bruno akaiokota, akaipangusa vumbi. Mwenye baskeli akamtazama yule mtoto, akasema mwacheni aende.

Hapo baraza likachangamka. Wa kwanza alisema mwizi ni mwizi, na kwamba mtoto yule angepata funzo zuri zaidi kama baba yake angepelekwa kituoni. Wa pili, mzee wa kanzu na kofia ya kiua, akamkumbusha Sayyidna Umar, mwaka wa ukame mkubwa, mwaka wa Ramada, alivyoisimamisha haddi ya kukata mkono wa mwizi kwa sababu watu walikuwa na njaa. Wa tatu akamrudi kwa adabu: "Sheikh, lakini yule kaiba baskeli, hakuiba mkate." Akajibiwa na mchuuzi wa samaki ambaye hata hakukaa, kasimama na kikombe chake, baskeli yenyewe imeegemea ukuta na tenga tupu juu ya keria. "Baskeli ndiyo mkate," alisema. Mtu huyu huondoka Chwaka alfajiri na pweza na changu, zaidi ya kilomita 30 hadi mjini. Alikunywa tama moja, kisha akauliza jambo lililonyamazisha dhumna: "Na yule mwenye baskeli ya pili, yeye alikuwa tajiri?"

Hakuwa tajiri. Hilo ndilo jambo ambalo mwongozaji, Vittorio De Sica, alilipanga kwa makusudi katika picha ile ya 1948. Mwizi wa kwanza ni kijana wa nyumba ya chumba kimoja, mwenye kifafa na mama mkali. Mwizi wa pili ni Antonio. Waliotendewa ubaya ni maskini kama wao. Matajiri wamo, wanapita mbali, wanakula mkahawani huku Bruno akiwatazama kwa jicho la pembeni, lakini hakuna hata mmoja wao anayeibiwa kitu. Na hakuna hakimu. Picha nzima haina mtu wa kukaa kitini na kusema haki iko upande gani. Mwenye kusamehe ni yule aliyedhulumiwa, naye anasamehe kwa sababu amemwona mtoto, bila kupima hoja yoyote. Lamberto Maggiorani, aliyeigiza Antonio, alikuwa fundi wa kiwandani ambaye hajawahi kuigiza. Baada ya picha alirudi kiwandani kwake, na haukupita muda mrefu akapunguzwa kazi. Maisha yaliiba hadithi kutoka sinema, badala ya sinema kuiba kutoka maishani.

Mwaka uleule wa 1948, mwezi wa Agosti, makuli wa bandari ya Unguja waliweka chini magunia. Septemba mgomo ukawa wa mji mzima. Vita vya Hitler havikupiganwa katika ardhi yetu, lakini vilitufikia sokoni: chakula kwa mgao, nguo adimu, bei ikapanda na mshahara ukabaki pale pale. Mombasa walikuwa wametangulia kugoma Januari 1947, na habari za bandari hazihitaji gazeti. Adam Shafi aliuandikia mgomo huo riwaya nzima, Kuli, iliyotoka 1979, na nadhani kila mwanafunzi wa Kiswahili aliyeisoma anakumbuka mgongo wa mchukuzi kuliko hotuba za wakubwa. Kama kungekuwa na kamera bandarini mwaka ule, tungekuwa na picha yetu ya baada ya vita, ya rangi mbili tu, yenye jasho lake.

Kamera haikuwapo. Kilichokuwapo ni majumba ya sinema. Royal ilifunguliwa Vuga mwaka 1921, ikabadilishwa jina ikawa Majestic, ikaungua mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikajengwa upya mwaka 1955 kwa ramani ya Dayalji Pitamber Sachania, na mabega yake ya duara bado yanaonekana. Empire ilikuwa karibu na soko la Darajani, baadaye ikawa duka. Sultana, upande wa Malindi, baada ya Mapinduzi ikaitwa Cine Afrique. Kulikuwa na maonyesho ya zanana, ya wanawake peke yao, mabuibui yakifunguliwa ndani na watoto wakilala mapajani. Mikebe ya picha ilitoka Bombay kwa njia ileile ya mchele na vitambaa, na wazee wakizitaja meli za njia hiyo, Karanja na Kampala, huzitaja kama watu wanaotaja majirani waliohama.

De Sica na Unguja walikutana kupitia Bombay hiyo hiyo. Mwanzoni mwa 1952 India ilifanya tamasha lake la kwanza la filamu la kimataifa, na picha ya mwizi wa baskeli ikaonyeshwa. Mwongozaji Bimal Roy aliitazama, na mwaka uliofuata akatoa Do Bigha Zamin: mkulima mwenye kishamba kidogo anadaiwa na mwenye ardhi, anakwenda Calcutta kuvuta riksho ili alipe, na mwanawe anang'arisha viatu njiani. Mwaka 1954 kampuni ya Raj Kapoor ikatoa Boot Polish, ya ndugu wawili yatima ambao shangazi anawalazimisha kuombaomba, nao wanataka kununua brashi na rangi ya viatu wajitegemee. Tayari De Sica mwenyewe alikuwa amewaweka wang'arisha viatu wawili katikati ya Sciuscià, mwaka 1946: watoto wa Roma wanaosugua buti za wanajeshi wa Marekani, wanaweka akiba wanunue farasi, wanaingizwa katika biashara ya mablanketi ya magendo, na jela inawageuza maadui.

Viatu vingi kiasi hiki si bahati mbaya. Mng'arisha viatu ni mtu aliyeinama mbele ya aliyeshinda vita. Kamera ikikaa kwenye usawa wa macho yake, inaona soli, soksi, vumbi la safari, na inasikia mazungumzo ya wenye viatu wanaodhani hapo chini hakuna mtu. Miaka karibu sabini baada ya Sciuscià, mwaka 2013, Amil Shivji alitoa filamu fupi aliyoiita Shoeshine, na mng'arisha viatu wake yuko Dar es Salaam. Vita vimebadilika, kiti ni kilekile.

Lakini picha iliyowashika Waunguja kooni ni Awara, ya 1951. Mtafiti Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha 2018 kuhusu watazamaji wa sinema wa Tanzania, alizungumza na wazee wengi, na Awara ilirudi tena na tena vinywani mwao. Wengi hawakujua Kihindi. Haikuwazuia. Kisa ni hiki: hakimu mwenye nasaba yake anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi na mtoto wa mtu mwema awe mwema. Mkewe anatekwa na jambazi, anarudi salama, ana mimba, na hakimu anamtilia shaka na kumfukuza usiku wa mvua. Mtoto anazaliwa barabarani. Mtoto huyo, Raj, anakua katika vibanda, anang'arisha viatu apate kusoma, anafukuzwa shule kwa sababu hiyohiyo ya viatu, na mama yake anapolala na njaa anaiba mkate. Jela, mkate uleule wanampa bure.

Niliwahi kuuona mkate huo kwenye kanda ya video iliyochoka, picha ikipanda na kushuka, na bibi yangu, aliyeiona Awara akiwa msichana, akanyamaza pale pale. Kisha akasema, "Hapo ndipo tulipokuwa tukilia." Si kwenye nyimbo, si pale mpenzi wa Raj, Nargis, alipoachwa. Kwenye mkate wa jela.

Ukitaka kujua kwa nini, kumbuka kisiwa hiki kilikuwaje. Unguja ya miaka ya 1950 ilikuwa mahali ambapo mtu huulizwa wewe mtoto wa nani kabla hajaulizwa jina. Asili ilikuwa na ngazi, na kila mtu alijua amesimama kwenye ngazi ya ngapi, au alidhani anajua. Katika mgao wa wakati wa vita, hata chakula kiliitazama asili hiyo. Kisha ikaja Julai ya 1957, uchaguzi wa kwanza, na zile zama za siasa ambapo majirani walianza kuhesabiana babu. Katika kisiwa kama hicho anaingia kijana mwenye kofia iliyopinda na suruali fupi, mtoto wa hakimu asiyejijua, anakuwa mwizi mbele ya macho yetu, na hakimu anayemhukumu ndiye aliyemzaa. Swali la nasaba limekaa kizimbani, na mshitakiwa ni mwenye kiti. Sidhani kama kulikuwa na hotuba yoyote ya wakati ule iliyosema hivyo waziwazi, na ile ilisemwa gizani, kwa lugha ya watu wengine, na tiketi imelipwa.

Kwa haki yote, mimi Awara inanichosha mwisho. Raj anahukumiwa kifungo cha miaka mitatu, anaahidi kusoma awe mwanasheria, mpenzi wake anamngoja, baba analia. Mtazamaji analipwa pesa zake. Mother India ya 1957 ina ujasiri zaidi: Radha, aliyekataa kujiuza kwa mkopeshaji Sukhilala hata watoto walipokuwa na njaa, anakuja kumpiga risasi mwanawe mwenyewe, Birju, alipomteka binti wa yuleyule mkopeshaji. Heshima ya binti wa adui imepita maisha ya mwana. Mtu hutoka pale hajui apige makofi au akae chini. Ila De Sica ndiye aliyethubutu kutowapa chochote. Baba na mtoto wanashikana mikono, wanaingia katika kundi la watu, basi. Kesho hawana kazi.

Njia panda yetu sisi ilikuja Januari 12, 1964. Siandiki hapa historia ya Mapinduzi, yapo mengine yaliyoandikwa na mengine yanayozungumzwa kwa sauti ya chini. Nataka kusema juu ya kamera tu. Maana safari hii kamera ilikuwapo, ikawa juu angani. Waitaliano wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, walipita na ndege juu ya kisiwa siku zile, wakapiga picha za makundi ya watu na za maiti, na mwaka 1966 zikatoka ndani ya Africa Addio. Nimeitazama sehemu ile mara mbili, mara ya pili nikaizima. Si kwamba walichokiona ni uongo. Walichokiona kimekosa uso. Kutoka kimo kile watu ni kanzu nyeupe juu ya mchanga, na msimulizi anakuambia la kufikiri. Huwezi kumwona mtu anayefungua mlango kumficha jirani, wala yule anayeufunga. Njia panda haionekani kutoka juu. Inaonekana ukiwa umesimama hapo, una mguu mmoja huku na mwingine kule. Inashangaza kwamba nchi iliyotupa mwizi wa baskeli, kwa karibu kabisa, hadi vumbi la kofia, ndiyo hiyo iliyotupa picha ile miaka kumi na minane baadaye.

Sisi wenyewe tulirudi kwenye kamera polepole. Tamasha la filamu la ZIFF lilianza kufanyika 1998, Ngome Kongwe ikawa sinema kila mwaka, na watoto wa Mji Mkongwe wakapata tena kuona picha chini ya nyota. Mwaka 2021 Amil Shivji akaitoa Vuta N'kuvute, kutoka riwaya ya Adam Shafi ya 1999, ikaonyeshwa Toronto na ikawakilisha Tanzania kuwania Oscar. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee tajiri, anamkimbia mumewe na kuvuka kwenda mtaa wa Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma. Kuanzia hapo kila kitu ni bei: uhuru wa kutoka kwa mume umegharimu mama, mjomba, na chakula cha jioni. Kisha anakutana na Denge, anayepigana na mkoloni. Filamu ni nzuri, nzuri mno pengine. Umaskini wa Ng'ambo umepigiwa taa kama vito, na mara moja moja nilitamani kuona ukuta unaovuja bila ya mwanga wa dhahabu. Lakini nyuso zimo. Na imekomea kabla ya 1964.

Hiyo ndiyo hatua ambayo bado hatujaivuka. Kumhukumu mkoloni ni rahisi, amekwenda zake. Picha ya miaka iliyofuata itamhitaji mwizi, na aliyeibiwa, na aliyesimama kando, na watu hao wote, au watoto wao, bado wanaswali saf moja. Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Unguja kijana miaka ile ya sitini, amefika pale kwa kalamu. Katika Gravel Heart, ya 2017, mama anajitoa kwa mkubwa wa serikali ili kaka yake atoke kifungoni, na nyumba nzima inaishi na kimya cha jambo hilo kwa miaka. Nani mwenye kosa? Aliyekubali, aliyetaka, aliyeokolewa akala na kunywa, au mume aliyehama kwenda kulala chumba cha nyuma ya duka? Nipe waigizaji watano na nyumba moja ya Mji Mkongwe, picha hiyo iko tayari.

Au nipe miaka ya foleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Mzee Karume ilibana uingizaji wa mchele, unga na sukari ili kuhifadhi fedha za kigeni na watu walime chakula chao. Hazina ilikuwa na fedha za karafuu, televisheni ya rangi ikaja Unguja kabla ya nchi nyingi za Afrika, majumba marefu ya Michenzani yakaanza kupanda Ng'ambo, na watu wakapanga foleni za kilo. Kutorosha karafuu kwenda Mombasa kulikuwa na adhabu ya kifo katika sheria. Mchele ukaanza kuvuka usiku kutoka Mrima kwa ngalawa. Magendo likawa neno la kila nyumba, na kila nyumba ikawa na hakimu wake wa ndani: mchele huu ni haramu kwa nani?

Katika nyumba ya kwetu umehadithiwa usiku mmoja wa wakati huo, na nimeusikia mara nyingi hata ninauona kwa pembe za kamera. Bibi yangu, yule wa mkate wa jela, alipata pishi moja ya mchele wa magendo. Mchele mzuri, wa harufu. Hilo ndilo lililokuwa balaa. Mhogo unaweza kuuchemsha mchana na hakuna anayegeuza shingo. Wali wa nazi unatangazwa na upepo. Akangoja saa nne. Akafunga madirisha ya barabarani, akaziba mwanya wa chini ya mlango kwa kanga iliyoloweshwa maji, akaweka chungu juu ya jiko la makaa huko nyuma, akatoa mvuke kidogo kidogo kwa kuinua kifuniko upande wa ukuta. Watoto wameamshwa, wameketi mkekani gizani, wameambiwa asiseme mtu. Mama yangu alikuwa na miaka saba. Anasema alikuwa anasikia mate yake mwenyewe.

Wali ukaiva. Bibi akaupakua kwenye sinia. Kabla mkono wa kwanza haujagusa, mlango ukabishwa hodi, mara mbili, taratibu, chini, kwa kiganja cha mtoto. Alikuwa mtoto wa jirani. Baba yake, kila mtu mtaani alijua, alikuwa akiripoti habari za watu kwa wakubwa. Mtoto naye, kila mtu alijua, alikuwa na njaa kama wengine.

Mama anasema bibi alisimama katikati ya chumba, kijiko cha mbao mkononi, anautazama mlango, na kwamba alisimama hivyo muda mrefu mpaka wali ukaanza kupoa.